Mto Mmoja, Bunyala Mbili: Somo Kuhusu Chemchemi, Vidimbwi na Mito ya Navakholo

Kaunti ya Kakamega hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Kenya, kati ya milimita 1,280 na 2,214 kwa mwaka. Kwa mkazi wa Navakholo, maji ni kitu cha kila siku: chemchemi chini ya mteremko, kijito bondeni, Mto Lusumu, na upande wa mpaka wa Bungoma, Mto Nzoia. Wingi huo unaweza kumfanya mtu adhani kwamba maji yanajitunza yenyewe. Lakini wanaoteka maji wanajua kwamba mwezi wa Januari foleni ya mitungi huwa ndefu, na mwezi wa Aprili mto hugeuka rangi ukawa kama chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo, na udongo huo ni wa shamba la mtu.

Somo hili linayafuata maji ya Navakholo kutoka yanapochipuka hadi yanapoishia. Linaeleza mito na vidimbwi vinavyofanya kazi, watu walivyovitumia zamani na sasa, na kwa nini kinachofanyika kwenye ukingo wa kijito cha Nambacha au Ingotse kinawahusu watu wanaoishi mbali sana na hapo.

Mto unatoka wapi

Nzoia huanzia katika Milima ya Cherangany na kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mlima wenye urefu wa mita 4,321. Mito mingi midogo huungana nao njiani. Karibu na mji wa Webuye mto huo huanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole, kisha hushuka ukipita kando ya Navakholo, ukaelekea Mumias na hatimaye kuingia Ziwa Victoria katika eneo la Bunyala, Kaunti ya Busia. Bonde lake lote lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,900. Lusumu, na Isiukhu unaopita katika Msitu wa Kakamega, ni miongoni mwa mito inayoupelekea Nzoia maji.

Hata hivyo mto mkubwa hautengenezwi mlimani peke yake. Sehemu ya maji yake hutoka katika chemchemi ndogo zisizo na jina kwenye ramani. Mvua inaponyesha juu ya kilima chenye miti, nyasi au udongo uliotifuliwa vizuri, maji huzama taratibu. Yakikutana na tabaka la mwamba au mfinyanzi yasiloweza kulipenya, huanza kusafiri kando kando chini ya ardhi, hadi yatokee chini ya mteremko. Hapo ndipo watu husema maji yamechipuka.

Kwa hiyo chemchemi hulindwa juu ya kilima kabla ya kulindwa bondeni. Kilima kikiachwa wazi na ardhi yake ikakanyagwa ikawa ngumu, maji hayazami. Hukimbia juu ya ardhi, hubeba udongo, na kuufikia mto yote kwa pamoja. Matokeo yake ni mafuriko wakati wa mvua na chemchemi kavu wakati wa kiangazi. Matatizo hayo mawili huonekana kama ni kinyume, lakini chanzo chake ni kimoja.

Ziwa lenyewe linaloyapokea maji haya limewahi kukauka. Wataalamu waliochunguza matope ya chini ya Ziwa Victoria wamegundua kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita, wakati hali ya hewa ilipokuwa kavu, lilikauka, kisha likajaa tena mvua ziliporudi. Ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika hutegemea mvua na mito yake.

Bunyala ya juu na Bunyala ya chini

Eneobunge la Navakholo lina wadi tano, na tatu kati yake hubeba jina moja: Bunyala Magharibi, Bunyala Kati na Bunyala Mashariki. Jina hilo hilo linapatikana kwenye mdomo wa Mto Nzoia, ambako ziko Budalang'i na Port Victoria. Si bahati tu. Banyala wa Kakamega, wanaojulikana pia kama Banyala ba Ndombi kutokana na Chifu Ndombi wa enzi za ukoloni, wana asili moja na Banyala wa Busia, na simulizi zao zinasema kwamba walitoka upande huo. Hadi leo wanazungumza Lunyala, ingawa matamshi yanatofautiana kidogo.

Mumias, iliyo chini kidogo ya Navakholo kwenye mto huo huo, ilikuwa makao makuu ya Nabongo Mumia wa Wanga na kituo cha misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda. Misafara ilihitaji vitu viwili kabla ya vingine vyote, yaani chakula na maji, na bonde la Nzoia lilikuwa na vyote viwili.

Hivyo basi jamii moja imekaa mahali pawili kwenye mto mmoja. Navakholo iko zaidi ya mita 100 juu ya usawa wa ziwa. Budalang'i iko karibu sawa na ziwa lenyewe. Maji yanayopita Navakholo leo ndiyo yatakayopita Budalang'i.

Samaki waliopanda mto

Wazee wa bonde la Nzoia waliujua mto kwa samaki wake. Aliyejulikana zaidi ni ningu. Samaki huyu huishi ziwani, lakini mvua ndefu zinapoanza na mto kujaa, hupanda dhidi ya mkondo kwenda kutaga mayai katika sehemu za kando zilizofurika. Maji yanapopungua, watoto wake huteremka kurudi ziwani.

Watu wa mtoni waliijua ratiba hiyo. Walitengeneza migono ya fito na vikapu, wakajenga vizuizi vyenye mianya, wakasubiri. Uvuvi huo ulikuwa na mipaka yake ya asili: ulifanyika msimu mmoja, kwa mitego ya mikono, na samaki wengine walipita.

Mambo yalibadilika nyavu za kisasa zilipoanza kutegwa kwenye midomo ya mito. Ningu walinaswa wakati wakiingia mtoni, kabla hawajataga. Mwaka 1965 mtaalamu wa samaki D. A. Cadwalladr alichapisha uchunguzi wake kuhusu kupungua kwa ningu katika Ziwa Victoria, na jinsi njia za kienyeji za uvuvi katika Mto Nzoia zilivyokuwa zikififia pamoja na samaki huyo. Samaki alipopungua, ujuzi wa kusuka migono nao ulikosa kazi.

Samaki wengine wamevumilia zaidi. Mumi huweza kuishi katika maji yenye matope na hewa kidogo. Kamongo ana mapafu, na kidimbwi kinapokauka huweza kujichimbia katika matope na kukaa humo kwa miezi akisubiri mvua. Lakini hata hao wanahitaji vinamasi. Kinamasi kikikaushwa ili kilimwe, au kikichimbwa chote kuwa matofali, hakuna matope ya kusubiria mvua.

Chemchemi: somo kutoka kwa majirani wa Busia

Familia nyingi za mashambani magharibi mwa Kenya bado hunywa maji ya chemchemi. Maji hayo huwa safi yanapokuwa bado chini ya ardhi. Huchafuka dakika yanapotokea juu, ikiwa mifugo inanywa hapo hapo, watu wanafua hapo, na mvua inateremsha kinyesi kutoka mashambani.

Kulinda chemchemi ni kazi isiyohitaji mitambo. Mahali maji yanapochipuka huchimbwa, hujazwa mawe na kokoto, hufunikwa, kisha ukuta wa saruji hujengwa wenye bomba la kutolea maji. Mtaro huchimbwa upande wa juu ili kugeuza maji ya mvua, na uzio huwekwa kuzuia ng'ombe.

Watafiti, akiwemo Michael Kremer ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi ya mwaka 2019, walipima faida ya kazi hiyo katika vijiji vya Busia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na visa vya kuhara kwa watoto vilipungua kwa robo. Lakini yalionyesha pia jambo la pili ambalo ni muhimu vilevile: maji yaliyopimwa nyumbani hayakuwa safi kama yale ya kwenye bomba. Yalichafuliwa tena njiani na katika mitungi ya kuhifadhia.

Kwa hiyo chemchemi iliyojengwa vizuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mtungi uliosafishwa na kufunikwa, kikombe chenye mpini cha kuchotea, na maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Kidimbwi cha samaki: rafiki au hatari

Vidimbwi vya samaki si jambo geni Kenya. Ufugaji wa samaki ulianza katika miaka ya 1920, na mwaka 1948 vituo vya Sagana na Kiganjo vilianzishwa. Katika miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwahimiza wananchi kula samaki, na wakulima wengi wa magharibi wakachimba vidimbwi vidogo. Mwaka 2009, kupitia Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali ya kitaifa ilianza kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneobunge 140, kila kidimbwi kikiwa na mita 300 za mraba. Baadhi vinazalisha hadi leo. Vingine viliachwa ilipokuwa vigumu kupata chakula au vifaranga wa samaki.

Kidimbwi kizuri huchimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Upande mmoja huwa na kina kifupi na upande wa pili hufika mita moja au zaidi kidogo, ili kiweze kumwagwa na kusafishwa. Maji yake hayatakiwi kuwa meupe kama ya kunywa. Yanapaswa kuwa na ukijani hafifu, kwa maana ukijani huo ni mimea midogo ambayo tilapia hula. Maafisa wa ugani hufundisha kipimo rahisi: mfugaji huingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akiona kiganja chake waziwazi, chakula cha asili ni kidogo na kidimbwi kinahitaji mbolea. Asipokiona kabla maji hayajafika kiwikoni, mbolea imezidi.

Hatari iko kwenye kidimbwi kilichoachwa. Maji yaliyotuama bila samaki ni mahali pa mbu kutaga mayai. Utafiti uliofanywa Kisii na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tilapia walipotiwa katika vidimbwi vya aina hiyo, mbu wanaoeneza malaria walipungua humo kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15. Maana yake kwa mkazi ni nyepesi. Kidimbwi kiwe na samaki, au kimwagwe na kufukiwa. Mashimo ya matofali yaliyojaa maji ya mvua yanaingia katika hesabu hiyo hiyo.

Kilichobadilika kwenye kingo

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, kaunti yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3,000. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu. Anayerithi robo ekari bondeni huona ukingo wa kijito kama ardhi pekee iliyobaki, hasa kwa vile ni yenye rutuba na unyevu. Hulima mahindi, sukuma wiki au miwa hadi majini. Hakuna ubaya katika nia yake, kwani watoto lazima wale.

Lakini ukingo una kazi yake. Mizizi ya miti na nyasi hushika udongo, hupunguza kasi ya maji ya mvua, na huchuja mbolea na dawa za kunyunyizia kabla hazijaingia mtoni. Ukingo ukilimwa, mvua kubwa ya kwanza huuchukua. Mkulima hupoteza mistari miwili ya mahindi mwaka huu, mitatu mwaka ujao, na kijito huwa kipana na kifupi kina. Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi huongeza tatizo, kwa sababu hukua haraka na hunywa maji mengi.

Uchimbaji wa mchanga nao una gharama. Mchanga wa mtoni hufanya kazi ya tangi: hushika maji ya mvua na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Ukichotwa wote, kina cha mto hushuka, kingo hubomoka, na mashimo yanayobaki huwa hatari kwa watoto na mifugo.

Udongo unakoenda

Udongo haupotei. Nzoia hushuka kwa kasi kutoka nyanda za juu, lakini unapokaribia ziwa ardhi huwa tambarare na maji hupunguza mwendo. Maji yanayokwenda polepole hayawezi kubeba mzigo, hivyo huutua. Uwanda wote wa Budalang'i umejengwa na udongo ulioletwa hivyo kwa maelfu ya miaka, na ndiyo sababu una rutuba.

Kati ya mwaka 1977 na 1984 kuta za udongo zilijengwa pande zote mbili za mto huko chini ili kuzuia mafuriko. Kuta hizo zimepasuka mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2003, 2008 na 2020, na maelfu ya watu wakalazimika kuhama nyumba zao. Mwaka 2020 mto ulikutana na ziwa lililokuwa limepanda kupita kiwango kilichowekwa baada ya mvua kubwa za miaka ya 1960.

Kila mwaka udongo unaotua kati ya kuta hizo huinua sakafu ya mto. Ukuta unabaki na urefu ule ule, lakini mto unapanda. Ndiyo maana mafuriko ya Budalang'i hayawezi kumalizwa Budalang'i peke yake. Sehemu ya dawa iko kwenye miteremko ya Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, na Navakholo ni mojawapo ya mahali hapo. Mkulima wa Bunyala Magharibi anayeacha ukingo wake na majani anaokoa udongo wake mwenyewe kwanza, kisha anampunguzia ndugu wa Bunyala ya chini mzigo.

Sheria inasema nini

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 43 kinampa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Kifungu cha 62 kinaweka mito na maziwa katika ardhi ya umma. Hakuna mtu mwenye hatimiliki ya mto.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kwenye ukingo. Upana uliolindwa na kanuni hizo ulikuwa sawa na upana wa mto wenyewe, ila haukuweza kuwa chini ya mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, na ulipimwa kutoka mahali pa juu kabisa maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko. Kwa kijito kidogo, mita 6 ni kama hatua nane za mtu mzima.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inamruhusu mtu kuchota maji ya matumizi ya nyumbani bila kibali. Anayetaka kuweka pampu, kujenga kizuizi au kuugeuza mkondo anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria hiyo pia inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambapo wakazi wa bonde moja hukutana kulinda chanzo chao na kusuluhisha migogoro kabla haijafika mahakamani.

Yanayoweza kufanywa msimu huu

Mwenye shamba kando ya maji apime mita 6, aweke alama, na apande nepia, mianzi au miti ya kienyeji kama mkuyu na lusiola. Nepia italisha ng'ombe, kwa hiyo ukingo hautakuwa umepotea bure.

Mwenye shamba la mteremko achimbe makinga maji yanayofuata usawa wa kilima na asilime kuelekea chini.

Wanaotumia chemchemi moja wachague kamati, waweke uzio, na watenge mahali pa kunywesha mifugo na kufulia upande wa chini ya mahali pa kutekea.

Waendesha bodaboda na wanaonyunyizia mimea dawa wasioshe pikipiki wala pampu zao mtoni. Maji ya kuoshea yachotwe na kumwagwa mbali na ukingo.

Mwenye kidimbwi kisicho na samaki amwone afisa wa uvuvi wa wadi yake kabla ya mvua.

Maswali ya kujadiliwa barazani au darasani

1. Chemchemi iliyo karibu na kijiji chenu ina maji zaidi au kidogo kuliko miaka ishirini iliyopita? Ni nini kimebadilika juu ya kilima chake?

2. Wazee wanakumbuka samaki gani waliokuwa wakivuliwa katika Lusumu na Nzoia, na kwa mitego ipi?

3. Kutoka shambani kwenu, maji ya mvua hupitia wapi hadi kufika Nzoia? Chora njia yake.

4. Kama ndugu wa Budalang'i wangehudhuria baraza hili, wangeomba jambo gani lifanyike kwanza?